Foto ya Kushoto

Masika, mwanangu, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na mvua imeanza kabla hujafika kwenye mashine ya unga. Nilikuona dirishani ukivua viatu na kukimbia navyo mkononi. Kwa mvua ya hapa Butembo najua hawatakuachilia kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo nina kama saa tatu. Nimefunga studio mapema, nimesogeza mkasi na foto za pasipoti pembeni ya meza, na ninaandika.

Mambo ya safari sitayaandika. Karatasi za mpaka, mjomba wako atakayekupokea Kasindi, nguo za baridi, namna ya kukaa na watu wa Kampala: hayo yote shangazi yako Kavugho amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho atakuambia mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka saba na sitaki uvuke mpaka bila kulijua.

Nilikudanganya kuhusu asubuhi ile mama yako alipoondoka. Siku ya matanga ulikuja ukanishika mkono wa koti, ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaniuliza, "Papa, ile asubuhi hukumupiga foto?" Nikakujibu, "Hapana, mama. Batri ilikuwa imekufa." Batri haikuwa imekufa. Foto ipo. Na ile sala niliyokuambia tuliomba mimi na yeye kando ya pikipiki, tukiwa tumeshikana mikono, haikuwapo.

Nikikuachia maneno hayo peke yake utanikasirikia bila kunielewa. Afadhali unikasirikie ukiwa umenielewa. Acha nianze kwenye kamera.

Unaikumbuka ile ndogo ya rangi ya fedha, iliyoingia kwenye mfuko wa shati. Mteja mmoja aliniletea kutoka Dubai alikokwenda kununua bidhaa. Nilikuwa naitumia kwa ubatizo na harusi, kama kila mpiga foto wa mji huu. Halafu siku moja mama yako, aliyekuwa akiuza nguo za mitumba za watoto, alifungua balo la nguo sokoni akakuta kidude cha plastiki chekundu kimeviringishwa ndani ya sweta. Kilikuwa na matundu mawili ya kutazamia. Aliweka macho, akapiga kelele, akakileta nyumbani akikimbia. Ndani kulikuwa na foto ya mlima wa nchi isiyojulikana, na mlima ule ulikuwa umesimama kweli. Mbele kulikuwa na mti, nyuma ya mti kulikuwa na hewa, na baada ya hewa ndipo mlima. Nilitazama mpaka shingo ikauma.

Nilikifungua kwa kisu. Nikaona siri yake ni ndogo: foto ni mbili, na hazilingani. Moja ni ya jicho la kushoto na nyingine ya jicho la kulia. Nilikufundisha hilo wewe mwenyewe, ulipokuwa mdogo, kwa kukuambia uweke kidole mbele ya pua na ufumbe jicho moja, kisha lingine. Ulicheka kwamba kidole kinaruka. Nikajiambia, kama ni hivyo, sihitaji kamera mbili. Nitapiga moja, nitasogea kidogo kama nafasi iliyo kati ya macho ya mtu, nitapiga nyingine.

Na ndivyo ilivyo. Unasimama, unaweka uzito wa mwili kwenye mguu wa kushoto, unapiga. Unahamishia uzito kwenye mguu wa kulia, bila kuinua unyayo, bila kugeuza kamera, unapiga tena. Kwa yai lililo mezani unasogea upana wa kidole tu. Kwa milima ya upande wa Lubero unatembea hatua nzima tatu. Kisha unazichapa foto ndogo mbili, unazibandika sambamba juu ya karatasi ngumu, unazitazama kupitia vioo viwili. Vioo vyangu nilivitoa kwenye miwani ya wazee ya sokoni, na sanduku lake nilitengeneza kwa karatoni ya sabuni, na ukuta katikati ili kila jicho lione ya kwake.

Mama yako alinicheka miezi miwili. Kila nilipohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine alisema, "Papa Masika, weye unacheza rumba ama uko nafanya foto?" Mara ya kwanza nilibandika ya kulia upande wa kushoto, na pua yake ikaingia ndani ya uso kama shimo. Aliitazama, akajishika pua, akasema, "Donc miye niko na mufereji." Mara ya pili kuku alipita uani kati ya foto ya kwanza na ya pili. Ukitazama kwenye sanduku, kuku yupo na hayupo, anametameta. Mama yako akasema, "Kuku gani huyu? Ulipiga roho yake, mwili ilibaki ku jikoni."

Mwishowe zikatoka nzuri. Watu waliziita foto za kuingia, kwa sababu unaona kama unaweza kuingia. Shemasi mmoja mzee alitazama ya mke wake, akanyoosha mkono mbele ya sanduku kumshika bega, akashika hewa. "Eh! Bibi yangu anatoka inje!" Studio ilijaa vicheko. Watu walitoka hata Kirumba kuja kupigwa foto za kuingia, na mimi nilianza kujiona fundi.

Hapo ndipo nilipoharibikia.

Foto ya kuingia haitaki mtu asogee. Kati ya mguu wa kushoto na mguu wa kulia zinapita sekunde mbili, tatu, na katika sekunde hizo mtu akicheka, akigeuza shingo, kitambaa chake kikipepea, macho mawili hayakubaliani tena, na kichwa kinakuuma ukitazama. Kwa hiyo nilianza kuwaambia watu, "Simama. Usitazame pembeni. Usipumue." Wateja walitii mara moja, kisha walitoka wakaenda zao. Mama yako na wewe mlikuwa wa nyumbani, mlinitii kila siku. Yeye alijibu, "Nikikosa kupumua, nani atakupikia?" lakini alisimama. Na zile alizosogea nilizifuta. Nilitazama nyuma ya kamera, nikasema "imeharibika," nikabonyeza.

Kuna moja ambayo najua hujaisahau. Mama alikuwa anachekecha unga wa muhogo, upepo ukaja, unga ukampiga usoni wote, akainua uso akicheka na kope nyeupe. Nilipiga ya kushoto akicheka na ya kulia akiwa amejipinda. Wewe ulikuwa umesimama chini ya kiwiko changu ukitazama kwenye kioo cha kamera. Ukasema, "Papa, ile uache! Ile njo mama mwenyewe." Nikasema haifai, haziendani. Nikabonyeza mbele ya macho yako. Ulitoka chini ya kiwiko changu ukaenda kumpangusa mama unga. Siku ile nilifikiri umeelewa kazi.

Sasa asubuhi yenyewe.

Ilikuwa siku ya kusomewa matokeo ya mwisho wa mwaka, wewe ulikuwa shuleni tangu mapema. Dada yake mama yako, yule aliyeolewa Mangina, alikuwa mgonjwa wiki nzima, na hakuna aliyejua ni nini. Wengine walisema malaria, wengine walisema sumu. Jina la ugonjwa tulikuja kulisikia baadaye, redioni. Mama yako alisema anakwenda kumwuguza, atarudi akipona. Pikipiki ya kumpeleka kwenye magari ya Beni ilikuwa imesimama mlangoni. Alikuwa amevaa pagne ile mpya, kitenge cha kijani chenye majani ya ndizi, na jua la saa moja lilikuwa linaingia uani kwa upande, mwangaza ambao mpiga foto anaungoja mwezi mzima. Nikachukua kamera.

"Papa Masika, dada yangu anagonjwa, weye unatafuta foto?"

"Dakika moja tu, mama. Mwangaza iko muzuri."

"Motari ananingojea."

"Basi simama. Kule, karibu na mulango. Uteremushe mukono. Usipumue."

Alisimama. Nikapiga ya kushoto. Nikahamisha uzito kwenda mguu wa kulia, na kabla sijabonyeza akainua mkono, akasema, "Bon, inatosha. Miye hapana sanamu."

Hapo ningeweza kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akinichekesha siku zote. Lakini nilikuwa nimeona foto ile kichwani ikiwa nzima, na sasa ilikuwa nusu. Nikamwambia, "Umeharibu. Enda sasa, banakungojea." Nilisema kwa sauti ile ambayo wewe unaijua, sauti ndogo, ya baridi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mama yako uso kwa uso. Hakukuwa na sala. Hakukuwa na mikono.

Yeye alibeba mfuko wake. Alipokwisha kupanda, injini ikiwa imewaka, alipaza sauti, na hakunisemea mimi, alikusemea wewe. Alisema hivi, na naandika kama alivyosema: "Umwambie Masika asikule ile sombe ya jana, imechacha! Nimemwachia maharagi ku chungu kidogo!"

Niliingia ndani.

Wewe ulirudi saa sita ukiwa wa pili wa darasa. Nilikuambia, "Vizuri," na kichwa changu hakikuwapo. Ulikula sombe, yale majani ya muhogo ya jana. Usiku ule tumbo lilikusokota, ukalia, nikakuchemshia maji ya mchele, ukaniambia, "Papa, mama angekuwa hapa angejua." Nami nilijua. Nilikaa kando ya kitanda chako na maneno yake mdomoni, na sikuyatoa, kwa sababu kuyatoa ilikuwa ni kueleza pia jinsi alivyoondoka. Ni jambo dogo, tumbo la siku moja. Lakini ujumbe ulikuwa wako na niliuzuia, na niliuzuia tena siku iliyofuata, na baada ya hapo ikawa haina maana tena kuutoa, mpaka ukawa ndio wenye maana kuliko wote.

Alipiga simu Jumapili ya kwanza. Uliona jina, ukaniletea. Nikasema, "Ongea naye weye, niko na mteja." Studio ilikuwa imefungwa, Masika, ilikuwa Jumapili. Ulizungumza naye nje, nikikusikia ukimsomea alama zako somo kwa somo. Alipopiga tena nilipokea. Mtandao wa Mangina ulikuwa mbaya, tukazungumza habari za dada yake na za bati linalovuja. Hakuna aliyetaja asubuhi ile. Nilijiambia akirudi nitamnunulia samaki na tutacheka. Simu ya tatu ilikuwa ya shemeji yangu, akisema dada amezikwa, na mama yako amepelekwa Beni na gari la wagonjwa.

Nilifika Beni siku iliyofuata, jioni. Alikuwa amekwisha kufa tangu alfajiri. Watu wa hospitali waliokuja kunieleza walikuwa na upole, walinipa kiti cha plastiki, waliniacha nilie. Lakini uso sikuuona. Tulisimama mbali, mimi na mjomba wako wa Kasindi, tukatazama watu waliovaa nguo za kujikinga kuanzia kichwani mpaka miguuni wakimteremsha kaburini. Sisi ni watu wa kumwosha maiti wetu, wa kukaa naye, wa kumwambia maneno sikioni kama tulikosana. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ambayo desturi yetu inampa mtu mpumbavu. Mwaka ule haikuwapo kwa mtu yeyote.

Nyumbani, kwa matanga, watu walitaka foto ya kuweka mezani. Mimi, mpiga foto, nilitafuta siku nzima. Zilikuwapo nyingi, foto za kuingia, safi, zimekaa sawasawa, na katika zote mama yako amesimama kama mtu aliyemeza ufagio. Nilichagua moja. Shangazi yake mzee kutoka Mangina aliikaribia, akaitazama, akauliza watu, "Huyu ni nani? Kwani mulimupiga siku alikasirika?" Mama wa jirani akajaribu kusaidia, "Ni yeye, bibi, angalia masikio." Wote wakatazama masikio. Ndipo ulipokuja ukanishika mkono wa koti na kuniuliza swali lako.

Ungeiona foto ile ungeniuliza kwa nini ameinua mkono. Ndiyo sababu nikasema batri. Na ulipozidi kuniangalia, nikaongeza sala. Ilitoka mdomoni kwa urahisi, Masika, kama kitu kilichokuwa kinangoja. Nikakuambia tuliomba, tukashikana mikono, na mama yako akasema nikulee vizuri. Ulilala usiku ule kwa mara ya kwanza tangu habari ifike. Nilipoona umelala nikafikiri nimefanya vyema.

Miaka miwili baadaye nilimpelekea foto ile mwenzangu mwenye studio karibu na soko, anayejua kompyuta. Nilimwambia ya kulia haipo. Akasema, "Mzee, hiyo hapana tatizo, ya kulia tunaitengeneza." Akakata, akasogeza, akajaza, nusu saa. Niliitazama kwenye sanduku langu. Mkono ulitoka mbele vizuri kabisa, mlango ukarudi nyuma, na uso ukawa wa mtu nisiyemjua, umebandikwa kama kibandiko. Nikaichana njiani. Lakini nilipofika nyumbani nilikuona ukifua huku ukiimba, nikafahamu kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kutengeneza ya kulia siku nyingi, kwa mdomo, na wewe ulikuwa unaitazama kila siku.

Hata hivyo nilinyamaza. Ningenyamaza mpaka leo, kama si ushuhuda wako.

Siku ya shukrani ya diploma yako ulisimama mbele ya kanisa zima. Ulisema kwamba wazazi wako waliagana katika maombi, mikono kwa mikono, na kwamba hilo ndilo lililokubeba. Kisha ukasema wewe pia utamngoja mwanaume wa namna ile, na kama hajui kuagana na mtu kwa maombi, apite. Watu walipiga makofi. Mchungaji alilipenda neno lako, na tangu hapo anawapa wachumba mfano wa nyumba yetu. Mwezi uliopita kijana mmoja anayejiandaa kuoa alinisimamisha barabarani akanishukuru. Nilimjibu, "Karibu."

Unakwenda mbali, Masika, na unakwenda ukiwa na kipimo nilichokupa mimi, na kipimo hicho ni cha uongo. Utampima nacho kila mtu atakayekupenda. Kila mmoja ataonekana mfupi kando ya baba ambaye hakuwahi kuwapo. Na siku wewe mwenyewe utakapomsemea mtu vibaya asubuhi ukatoka, utadhani wewe ndiwe wa kwanza katika ukoo huu kufanya hivyo. Hapana. Baba yako alifanya. Na mama yako, ambaye ulimfanya mtakatifu kidogo, alikuwa mtu wa kuinua mkono na kusema inatosha. Nilimpenda kwa sababu hiyo, na siku ile nilimwadhibu kwa sababu hiyo hiyo.

Juma lililopita nilimwambia shangazi yako kila kitu. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua kichwa.

"Kaka, acha tu. Ile uongo haikuua mutu."

"Haikuua."

"Mutoto anaenda mbali, weye unamubebesha mawe?"

"Anayabeba tayari, Kavugho. Hajui tu ni mawe."

Akatupa maharagi mabovu. Halafu akasema, "Bon. Kama ni lazima, uweke barua mu valize, chini ya nguo. Atasoma akifika. Atalia kule, hasira itaisha kule, akirudi Noeli imepoa."

Ni ushauri wa mtu anayetupenda sote wawili. Nilikubali. Nilinunua bahasha. Mpaka leo mchana, nilipoanza kuandika, mpango ulikuwa huo.

Foto iko ndani ya bahasha hiyo. Nimeichapa kubwa kidogo, moja tu, haihitaji sanduku. Utaona pagne ya kijani, mfuko chini, kiatu kimoja hakijafungwa. Mkono umeanza kupanda, kwa hiyo vidole vimefifia. Nilipoiangalia upya niligundua kwamba hata ile ya kushoto alikuwa amekwisha kusogea. Mdomo uko wazi nusu. Miaka saba nimeutazama uso ule. Siku nyingine naona hasira. Siku nyingine naona mtu anayetaka tu kuwahi gari. Siku moja, moja tu, niliona kama anakaribia kucheka, kisha sikuona tena. Sitakuambia uone nini. Wewe uliujua uso wake kwa namna ambayo mimi, nikiwa na kamera mbele ya jicho, sikuujua.

Huko Kampala utapiga foto nyingi kwa simu yako, kama vijana wote. Sina la kukufundisha juu ya hizo, wewe unapiga haraka na hufuti kitu, na zamani nilikuwa nakugombeza kwamba unajaza simu. Niliacha kukugombeza, sijui kama uliona. Na watu ukiwaambia wasimame wakakataa, waache waende na mkono wao juu. Kama utakosana na mtu, nadhani utakosana, una ulimi wa mama yako na ukimya wangu, ni mchanganyiko mbaya. Mpigie siku ile ile. Usimpe mtoto simu.

Mvua imepungua. Nasikia bado maji kwenye mfereji, lakini barabarani watu wameanza kutembea, na saa kumi na moja na nusu imepita.

Masika, sitaiweka ndani ya valize. Nimeifikiria tangu ukurasa wa kwanza, na naona kwamba ukisoma haya peke yako, kwenye chumba cha watu wengine, utalia na hakutakuwa na mtu wa kumwuliza, na mimi nitakuwa hapa Butembo nikikata foto za pasipoti, salama, nikingoja upoe. Ningekuwa nimekuacha uondoke kama nilivyomwacha yeye, ila safari hii kwa maneno mazuri.

Basi iko hivi. Gari linaondoka saa mbili. Nitakuamsha saa kumi na moja, na jioni hii nitamwomba shangazi yako asije kabla ya saa moja. Nitaweka chai na bahasha mbele yako, nitakaa kwenye kiti cha pili. Usome yote mbele yangu. Ukitaka kuniuliza, nitajibu, na sitatafuta neno zuri. Ukitaka kunisemea vibaya, unayo saa mbili nzima, tumia zote. Na kama utanyamaza mpaka gari lifike, tutanyamaza pamoja. Lakini sitasema nina mteja. Sitainuka pale kabla yako.

Papa yako